Kusoma Katika Chuo Kidogo: Somo Tulilolipata Matemwe



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wa parishi yetu hutujia na swali lile lile. Mtoto aliomba chuo kikubwa cha Bara, hakupata. Amepata chuo kidogo cha hapa hapa Unguja, chenye majengo machache na wanafunzi wa kuhesabika. Je, aende, au angoje mwaka mwingine? Wengine huuliza kwa sauti ya msiba, kana kwamba mtoto ameanguka mtihani.

Sisi wawili tunaoandika somo hili, wanawake watu wazima sasa, tulisoma katika chuo cha namna hiyo. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Mbweni, mwingine alitoka Muheza. Chuo chenyewe hatutakitaja, kwa sababu mengi tutakayoeleza ni aibu yetu wenyewe, nacho hakina kosa.

Kwanza yafaa tukumbuke jambo moja. Hadi mwaka 1998 Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka shahada alivuka bahari, akaenda Dar es Salaam, Makerere au ng'ambo. Mwaka ule ndipo kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu. Kisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, tunachokiita SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza kufundisha mwaka 2001. Vyote vilianza na watu wachache. Wala hao wakubwa hawakuzaliwa wakubwa. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwa somo moja tu, sheria, na wanafunzi hawakufika 20, ndani ya jengo la TANU katika Mtaa wa Lumumba.

Basi maisha ya chuo kidogo yakoje? Darasa letu lilikuwa na watu 19. Usipofika asubuhi, kiti chako huonekana kama pengo la jino. Hakuna haja ya daftari la mahudhurio, mwalimu akiingia hutazama mara moja, akauliza, "Mwenzenu yuko wapi?" Jioni utakutana na mwalimu yule yule sokoni Darajani, anachagua samaki, naye atakuuliza mbele ya muuza samaki kama umemaliza kazi yake. Kitabu ni kimoja kwa darasa zima, nacho hupita mkono kwa mkono, huku kila mmoja anajua nani amekaa nacho zaidi ya zamu yake. Mkigombana hamna pa kukimbilia, maana kundi jingine la kuhamia hakuna. Itawapasa mpatane au mnuniane miaka mitatu.

Hatusemi kwamba haya yote ni mema. Jina la utani utakalopewa juma la kwanza utakwenda nalo hadi mahafali. Maneno ya bweni moja huwa yamefika bweni la pili kabla chai haijapoa. Tena mahali ambapo kila mtu anamjua mama yako, upo upenyo wa mtu kupendelewa kwa ajili ya ujamaa, na mwenye kuonewa kuogopa kusema. Mzazi anayempeleka mtoto chuo kidogo na ajue hilo pia.

Lakini katika kanisa letu habari ya chuo kidogo si ngeni. Wazee wetu wa Mbweni wangali wakilitaja jina la Kiungani. Askofu Tozer na Dakta Steere walipofika Unguja mwaka 1864, walipewa na Sultani Majid wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa skuli nzima. Baadaye skuli ya wavulana ikakaa Kiungani, kusini ya Mji, ikaitwa Mtakatifu Andrea, ikawa mahali pa kufundishia waalimu na makasisi, hata ilipohamishiwa Minaki mwaka 1925.

Fikirini jinsi palivyokuwa. Myao, Mmakua, Mnyasa, kila mmoja na lugha ya kwao, wote wamenyang'anywa makwao, wanakula sahani moja na kujifunza kwa Kiswahili, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya kujifunza kama lugha nyingine. Hatudhani palikuwa peponi. Mtoto aliyechukuliwa akiwa mdogo hata hajui njia ya kurudi kwao hafarijiki kwa kupewa kalamu tu. Ila udogo wa mahali pale ulizaa jambo moja ambalo skuli kubwa haliwezi kwa urahisi: mwalimu alipata nafasi ya kumwuliza kila mwanafunzi, Wewe umetoka wapi, na yalikupata yapi? Mwaka 1887 mwalimu mmoja wa misioni, Madan, alitoa kitabu kwa Kiingereza kiitwacho Kiungani, ambamo wavulana walisimulia wenyewe habari za kutekwa kwao na safari zao hadi pwani. Mwanafunzi alikuwa anajifunza, na huku yeye mwenyewe ni mwenye habari.

Na waliotoka pale walionyesha matunda. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alipewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misioni ile. Yohana Abdallah, Myao pia, akawa kasisi mwaka 1898. Huyu wa pili ndiye tunayemtaka katika somo hili. Alikaa miaka mingi akihudumu Unangu, Msumbiji ya leo, akaandika kwa Kiyao habari za kale za watu wake, kitabu kilichotolewa mwaka 1919. Habari zile hazikuwamo katika vitabu vya Kiungani. Ilimpasa mwenye elimu yake aketi chini, awasikilize wasiojua kusoma.

Sisi, karibu miaka 90 baadaye, kazi hiyo hiyo ilitushinda. Tutaeleza ilivyokuwa.

Mwaka 2008 tulikuwa katika mwaka wa mwisho. Kila wanafunzi wawili walitakiwa kufanya utafiti mdogo na kuuandikia ripoti. Sisi tulichagua kilimo cha mwani. Mwani ulianza kulimwa kwa biashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu za kutoka Ufilipino, ukaenea vijiji vingi vya pwani ya mashariki, na walimaji wengi ni wanawake. Tulipangiwa Matemwe, kaskazini mashariki, kijiji kinachoelekeana na kisiwa cha Mnemba. Tulipewa karatasi 40 za maswali. Kila karatasi ilitakiwa kujazwa kwa kuzungumza na mwanamke mmoja shambani kwake, na kuandikwa tarehe na saa.

Wasomaji wa Unguja watakumbuka mwaka ule. Tarehe 21 Mei umeme ulikatika kisiwa kizima, ukakaa wiki nne hivi. Mji ulikuwa gizani, na maji ya bomba yalikuwa shida kwa sababu pampu hazikwenda. Tulipopanda gari la namba 118 kwenda Matemwe, siku ya Alhamisi tarehe 5 Juni, tulikuwa tumechoka kabla ya kuanza.

Tulipokelewa na mama mmoja mjane, mlimaji wa mwani, akatupa chumba cha mbele. Nyumba ilikuwa ya Waislamu kama zilivyo nyumba za Matemwe, nasi ni Wakristo. Hilo halikuwa tatizo hata dakika moja. Jumapili ilipofika, yeye ndiye aliyetukumbusha. "Leo si siku yenu, wanangu?" Akawatoa watoto barazani, akatuachia nyumba tusali.

Siku tatu za kwanza tulikwenda pwani asubuhi maji yalipotoka. Tulisimama kwenye mchanga mkavu, viatu miguuni, tukawangoja wanawake wapande na magunia yao ya mwani mbichi vichwani. Tukawauliza maswali 22 mbio mbio, wao wamelemewa na mzigo. Tulijaza karatasi 11. Kisha ghafla pwani ikawa tupu. Siku iliyofuata hakuja mtu, na iliyofuata vile vile. Wanawake walikuwa majumbani, wanapiga makumbi na kusuka ukili, wengine wamekwenda mashamba ya muhogo. Hatukuuliza kwa nini. Tulisema tu kwamba watu hawa hawana bidii.

Usiku wa Jumatano na wa Alhamisi, tarehe 11 na 12, tulifunga mlango, tukawasha mshumaa, tukajaza karatasi 29 zilizobaki kutoka vichwani mwetu. Tuligawana kalamu mbili, ya buluu na nyeusi, ili miandiko isifanane. Tuliwabuni wanawake: huyu ana watoto wanne, huyu sita. Tukaandika "shambani, saa nne asubuhi". Tukacheka hata machozi yakatutoka. Ijumaa tukamwaga mwenyeji wetu, tukarudi Mjini.

Katika chuo cha wanafunzi elfu nyingi huenda karatasi zile zingehesabiwa 40, zikatiwa kabatini, nasi tungepita. Msimamizi wetu alikuwa na wanafunzi sita tu wa kusimamia. Alizisoma zote. Tena alikuwa mtoto wa mvuvi.

Alituita ofisini baada ya siku nne. Alikuwa na zile karatasi mbele yake, amezipanga kwa tarehe, na pembeni ameweka kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Hakupaza sauti. Alisema, "Tarehe kumi na moja ilikuwa mwezi saba. Saa nne asubuhi. Hawa mama zangu mliwahoji wakiwa wamesimama, au wanaogelea?"

Hatukuelewa hata swali. Ikambidi atufundishe pale pale, jambo ambalo mtoto wa miaka minane wa Matemwe analijua. Mwezi unapoandama na unapopevuka ndipo pana bamvu: maji hujaa sana na kutoka sana, na pwani yetu tofauti ya kujaa na kutoka hupita mita 3. Siku za bamvu maji hutoka asubuhi, saa nne hivi au saa tano, na mashamba ya mwani hubaki wazi au na maji ya magotini. Hapo ndipo mwanamke huweza kufunga mbegu na kuvuna. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu: hayajai sana wala hayatoki vya kutosha, na saa nne asubuhi ndiyo saa yanapokuwa yamejaa. Siku hizo hakuna anayekwenda shambani. Wanawake 29 wetu tulikuwa tumewaweka kifuani mwa bahari.

Kisha akatuonyesha la pili. Wanawake wetu wa mshumaa karibu wote walilima kotoni, aina yenye bei nzuri, kwa kuwa hivyo ndivyo kitabu cha maktaba kilivyosema. Wale 11 wa kweli walikuwa wametuambia kwamba kotoni imewashinda, inaoza na kufa maji yakipata joto, wamebaki na aina ya pili, spinosamu. Tulikuwa tumeyaandika hayo kwa mikono yetu, wala hatukuyasoma.

Tulilia. Yeye alingoja tumalize, akatuambia kwamba anayo njia mbili. Ya kwanza, kulipeleka jambo mbele ya kamati, na huko huenda tukafukuzwa. Ya pili, tuandike barua ya kukiri kwa mikono yetu, turudi Matemwe, tuanze karatasi ya kwanza hadi ya arobaini. Ripoti itachelewa, na majina yetu hayatakuwamo katika mahafali ya mwaka ule. Tulichagua ya pili. Mpaka jioni watu 17 waliobaki wa darasa letu walikuwa wamejua. Hakuna aliyetucheka mbele yetu, na hilo lilikuwa zito kuliko kuchekwa.

Lililobaki lilikuwa kuwaambia wazazi. Mama wa yule wa Muheza alikuwa amelipa ada miaka mitatu kwa kuuza vitumbua, naye alikwisha nunua kitambaa cha kuvaa siku ya mahafali. Aliposikia alinyamaza simuni muda mrefu, kisha akauliza, "Utarudi huko kijijini lini?" Kitambaa akakiweka sandukuni.

Tulirudi Matemwe tarehe 2 Julai, mwezi unaandama. Njiani tulipanga uongo mwingine, kwamba karatasi zimepotea. Tulipofika mlangoni, hodi ikajibiwa, shikamoo ikaitikiwa, tukaona hatuwezi. Tukamweleza mwenyeji wetu yote. Alisikiliza huku anapeta mchele. Akasema, "Nilijua, wanangu. Niliuona mshumaa, wala pwani sikuwaoneni. Nilidhani ndivyo wasomi wanavyofanya."

Maneno hayo tunayo mpaka leo.

Kesho yake hakuturuhusu kuchukua karatasi. Alitupa kanga kuukuu na viatu vya mpira vya kuzuia miba ya urumba, tukaingia majini naye. Tulijifunza kupigilia vigingi, kukaza kamba kati ya kigingi na kigingi, na kufunga mbegu moja moja kwa vikamba vidogo viitwavyo taitai. Kwa saa tatu mgongo umeinama. Tulijifunza kwamba mwani hukaa kama wiki sita ndipo ukavunwa, na kwamba kilo saba au nane za mwani mbichi, zikianikwa, hutoa kilo moja tu kavu, nayo ndiyo inayolipiwa. Zile kilo saba ndizo zilizokuwa vichwani mwa wanawake siku tulipowasimamisha kwenye mchanga.

Ndipo tulipoona kwamba hata maswali yenyewe yalikuwa mabovu. Swali la saba liliuliza, Unapata shilingi ngapi kwa mwezi? Mara ya kwanza kila mwanamke alikaa kimya, kisha akataja namba yoyote ili tumwache aende zake, nasi tukadhani hawajui hesabu. Kumbe hesabu zao ni za bamvu na mavuno, si za Januari na Februari. Tulipouliza, "Bamvu lililopita uliuza kilo ngapi?" walijibu papo hapo, na wengine walikumbuka hata la mwaka uliotangulia. Msimamizi wetu alipolisikia hilo alilifuta swali lake mwenyewe, maana ndiye aliyeliandika, akatwambia tuliandike upya.

Tulikaa bamvu mbili. Maji mafu yalipoingia katikati hatukukimbilia Mjini. Tulikaa barazani na wanawake, tunapiga makumbi vibaya, na huko tulisikia mengi kuliko pwani. Karatasi 40 zilikamilika. Ripoti haikupata alama ya juu, kwa kuwa ilichelewa na msimamizi alikata alama kama alivyosema. Mahafali tulihudhuria mwaka 2009. Kitambaa kilitoka sandukuni, na mama alilalamika kwamba kimeshapitwa na mtindo.

Sasa turudi kwa wazazi wenye swali. Chuo kidogo kilitusaidia kwa jambo hili: kulikuwa na mtu aliyesoma karatasi zetu zote, akatujua, akaona kwamba tulistahili kurudishwa kuliko kutupwa. Kama chuo mnachokifikiria ni kidogo lakini waalimu hawasomi kazi, au wanaogopa kumrudisha mtoto wa fulani, basi udogo wake hauna faida, heri angoje. Ulizeni kwanza wanafunzi waliomo. Waulizeni hivi: mwalimu wenu anawajua majina? Na aliwahi kuwarudishia kazi mkaianza tena?

Kwa viongozi wa vikundi vya vijana, haya yafaa kuzungumzwa jioni moja, ikiwezekana wakiwapo na wazee:

Sisi tulimwita mvivu mtu ambaye hatukumwuliza kwa nini hakuja. Nani katika parishi yetu anaitwa hivyo, na nani amemwuliza?

Yohana Abdallah aliwasikiliza wazee wake akaandika. Ni habari gani za Mbweni, za Mkunazini au za kijiji chenu ambazo zikichelewa miaka mitano hapatakuwa na wa kuulizwa?

Mwenyeji wetu aliuona mshumaa akanyamaza. Je, alifanya vema? Sisi wawili hatujapatana juu ya hilo hata leo. Mmoja anasema angetuambia usiku ule ule tungeepuka aibu. Mwingine anasema usiku ule tusingemsikia.